Jogoo Alikuwa Mnene

Kwa miezi saba nilizuiwa kwenye Meza ya Bwana kwa sababu ya jogoo. Wazee wenzangu wa kanisa watasema haikuwa jogoo, ilikuwa heshima. Barua waliyoniletea ilisema "mwenendo usiolingana na nafasi yake". Lakini mimi nilikuwepo tangu mwanzo, na aliyekuwa katikati ya mambo yote alikuwa jogoo.

Nina miaka sabini na miwili. Nilizaliwa kwenye mteremko wa Mlima Meru, upande wa kahawa na migomba. Niliolewa huko huko, nyumba ya tano kutoka kwa mama yangu, na mume wangu amelala huko huko, nyuma ya zizi. Nikiwa msichana nilisoma chuo cha Biblia miaka miwili, nikarudi, nikafundisha darasa la kipaimara kwa miaka thelathini na mmoja. Mchungaji wetu wa sasa nilimfundisha mimi. Alikuwa mtoto wa kukariri upesi na kusahau upesi.

Na sasa, katika umri huu, kazi yangu ni kuchekesha. Nasimama jukwaani na maiki, watu wanacheka, kisha narudi nyumbani kukamua ng'ombe. Namshukuru Mungu kwa kazi hii kama nilivyomshukuru kwa ile ya kwanza, na sioni kwa nini nimpe shukrani mbili za ukubwa tofauti.

Kuchekesha sikufundishwa na televisheni. Nilifundishwa na mnada wa kanisa.

Kwetu, watu hawaji na sadaka ya fedha peke yake. Mama anakuja na mkungu wa ndizi, mwingine na sahani ya mayai, mwingine na maziwa kwenye chupa, parachichi, miwa, kuku. Ibada ikiisha tunatoka nje, vitu vinapangwa kwenye ngazi, na mtu mmoja ananadi. Mnada wetu una desturi ya kurudisha. Mtu ananunua mayai, halafu anasema, "Narudisha kwa Bwana," na mayai yanauzwa upya. Au anasema, "Namnunulia mama mchungaji," na mama mchungaji naye anarudisha. Yai moja laweza kuuzwa mara nne kabla halijafika kwenye kikaango, na kazi ya anayenadi ni kuhakikisha kwamba hata mara ya nne watu bado wanalitamani. Huwezi kulazimisha. Watu wamekaa kanisani saa tatu, wana njaa, jua ni kali. Inabidi wacheke, kwa sababu anayecheka hakumbuki kuondoka.

"Mkungu huu umetolewa na mama ambaye barabarani hanisalimii," nilikuwa nasema. "Leo amefunguka moyo. Nani anauchukua kabla hajabadili mawazo?"

"Mwalimu, mkungu wenyewe mdogo!" anapiga kelele mtu nyuma.

"Mdogo? Wewe ulipokuja kipaimara ulikuwa mdogo kuliko huu, na Mungu alikupokea. Utauchukua ama hutauchukua?"

Niliifanya kazi hiyo miaka ishirini na zaidi bila kujua kwamba mahali pengine watu wanaiita fani. Aliyenijulisha ni mjukuu wangu wa kike, ambaye kazi yake mjini ni kurekodi sauti na picha za harusi. Jumapili moja alinirekodi nikinadi boga, akaituma video kwa marafiki. Ndani ya wiki mbili nilikuwa nasimamishwa sokoni na vijana wa mjini, machalii nisiowafahamu: "Shikamoo bibi wa boga!" Mwezi haukwisha, wakapiga simu watu wa televisheni kutoka Dar es Salaam. Walikuwa na shindano la wachekeshaji, walinitaka.

Nilimwomba Mungu, nikapanda basi, nikaenda.

Kijana aliyekuwa anapanga kipindi alinipokea vizuri. Aliniamkia, akaniletea maji, akasema ananipenda sana. Kisha akasema, "Sasa bibi, tunataka uingie umeinama kidogo, na fimbo. Kanga tutakufunga sisi, kienyeji."

"Kwa nini niiname?"

"Si unajua, bibi wa kijijini. Watu wakikuona tu, wacheke."

"Mimi ni bibi wa kijijini, na sijainama."

"Na Kiswahili nacho, kivunje-vunje kidogo. Kile cha kwenu kule mlimani."

"Cha kwetu ni hiki ninachokupigia sasa hivi."

Alicheka, akadhani nimekubali. Niliingia jukwaani na gauni langu la kitenge la Jumapili, mgongo wima, nikawasimulia jinsi yai linavyouzwa mara nne. Walicheka. Waamuzi walicheka. Duru ya pili nikatolewa. Waliniambia nina kipaji ila "sikuvaa uhusika". Kwenye basi la kurudi nilimshukuru Mungu kwa jambo moja: mgongo wangu ulirudi Arusha umenyooka kama ulivyokwenda. Niliwafundisha watoto wa watu kwa miaka yote hiyo kwamba wameumbwa kwa mfano wa Mungu. Nisingeweza kuinama mbele ya kamera ili mfano huo uchekeshe zaidi.

Mjukuu wangu ndiye aliyesema, "Bibi, waache na televisheni yao. Tutafanya podikasti yetu."

Alikuwa amepanga vyumba viwili Terrat, pembeni mwa mji. Kimoja alikitundika mablanketi ukutani ili sauti isirudi, akaweka meza, maiki mbili na themosi ya chai. Tulikuwa tunakaa pale kila Alhamisi asubuhi, yeye ananiuliza, mimi nasimulia. Nilisimulia juu ya harusi, misiba, matangazo ya kanisani yanayozidi mahubiri kwa urefu. Watu walisikiliza. Mama mmoja wa mjini alinitumia ujumbe kwamba ananisikiliza akiosha vyombo na sasa vyombo vyake vinang'aa. Kutokana na podikasti nikaanza kuitwa kwenye maonyesho, kwanza kwenye ukumbi mdogo wa hoteli, halafu mkubwa.

Alhamisi moja, katikati ya kurekodi, jogoo wa jirani akawika. Mjukuu wangu akashika kichwa. "Turudie."

"Usirudie," nikamwambia. "Kanikumbusha jambo."

Nikasimulia kisa ambacho huku mlimani kila mtu anakijua. Kilitokea zamani, mjukuu wangu hajazaliwa. Mzee mmoja wa kanisa, wakati huo akiwa bado kijana aliyechaguliwa juzi tu, alikuja ibadani na jogoo. Jogoo hakuwa sadaka. Alikuwa anampelekea mama mkwe wake kule Momela, na alipanga kwenda moja kwa moja ibada ikiisha. Akamfunga miguu, akamwacha nje chini ya benchi kwenye kivuli, akaingia kusali. Mtu wa kukusanya sadaka alipopita, akaona jogoo kafungwa miguu nje ya kanisa siku ya Jumapili. Angefikiri nini kingine? Akambeba, akampanga na ndizi.

Nikamnadi mimi. Mwenye jogoo alikuwa ofisini na wazee wenzake. Jogoo alinunuliwa, akarudishwa, akanunuliwa tena, mwisho akazawadiwa mhubiri mgeni. Mwenye jogoo alipotoka, gari la mgeni lilikuwa limeshawashwa, na jogoo wake anamtazama kutoka dirishani. Angefanyaje? Kilichonadiwa kimeshatolewa kwa Bwana, mara mbili. Nani anamnyang'anya Mungu jogoo mbele ya usharika mzima? Alisimama pale na koti lake la suti. Kisha akanunua kitu pekee kilichobaki kwenye ngazi, boga moja, akaenda nalo ukweni.

Kisa chenyewe kinatosha. Lakini mjukuu wangu alikuwa anacheka hadi machozi, na mimi nilikuwa nimenogewa. Nikaongeza.

"Tena jogoo mwenyewe," nikasema, "alikuwa amekonda! Alikuwa anawika ameegemea ukuta."

Ndilo neno lililosambaa. Vijana walilikata, wakalirudia, wakaliwekea muziki. Nilipoingia ukumbini mjini Jumamosi iliyofuata, kabla sijafungua mdomo, watu walikuwa wanapiga kelele, "Ukuta! Ukuta!" Nikawapa. Mwanamume mmoja alianguka kutoka kwenye kiti. Sijawahi kuwa na kicheko kama kile, na sitasema uongo kwamba hakikunifurahisha.

Jina la mtu sikulitaja. Lakini kwetu jina la nini, ukishasema jogoo na boga?

Baraza la wazee likaniita kwa barua. Nami nilikuwa mzee wa kanisa, kwa hiyo niliitwa kwenye kiti changu mwenyewe. Mwenye jogoo alikuwepo, amekaa karibu na mlango, anatazama kofia yake. Mwenyekiti alianza kwa sala ndefu, na sala ikiwa ndefu namna ile unajua kwamba inakuhusu.

"Mama," akasema, "ukumbi ule unamosimama wewe, wanauza bia."

"Wanauza na soda."

"Mzee wa kanisa kusimama mbele ya walevi!"

"Baba, nimesimama miaka thelathini na mmoja mbele ya wasio walevi, na walisinzia. Hawa hawasinzii."

Mmoja wa wazee alikohoa kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Mwenyekiti hakukohoa.

"Unaicheka nyumba ya Mungu. Mnada ni sehemu ya ibada."

"Nimeunadi miaka ishirini na zaidi, na watu wakacheka hapo hapo kwenye ngazi. Mlikuwa mnanishukuru. Kicheko kile kile nikikipeleka mjini kinageuka dhambi kikivuka mto gani?"

Mchungaji, aliyekuwa mwanafunzi wangu, akamgeukia mwenye jogoo. "Mzee, wewe ndiye umeguswa. Unasemaje?"

"Mimi sina la kusema," akajibu, bado anatazama kofia.

Walinipa karatasi yenye sentensi mbili. Ya kwanza, natubu mbele ya usharika kwa kumdhalilisha ndugu. Ya pili, naacha kazi ya kuchekesha. Nikizisoma zote Jumapili nitapokelewa kundini. Nisiposoma, nisije mezani, na uzee wa kanisa nikabidhi. Niliwaambia siwezi kutubu kwa ajili ya kicheko, kwa sababu aliyeumba kinywa ndiye aliyekiweka humo. Nikakabidhi kitabu cha zamu yangu, nikaenda nyumbani kukata majani ya ng'ombe.

Watu wengine wangehama usharika. Mjukuu wangu aliniambia, "Bibi, makanisa yamejaa, nenda kwingine." Nilimwambia sitoki kwangu. Kila Jumapili nilikaa benchi langu la tatu upande wa kinamama. Siku ya chakula cha Bwana, mara moja kwa mwezi, wenzangu walisimama mmoja mmoja, wakapita mbele ya magoti yangu, wakaenda, wakarudi wanafuta midomo. Sikutoka nje kama wanavyofanya waliozuiwa. Nilikaa wima, nikaimba nyimbo zote. Asiyewahi kunyimwa mkate ule hawezi kujua harufu ya divai inavyosafiri ndani ya kanisa. Nilikuwa napokea tangu nikiwa na miaka kumi na sita, siku niliyovaa gauni jeupe la kuazima. Nilitaka kurudi, na nilitaka kurudi na kazi yangu mkononi. Nilimwambia Mungu hivyo hivyo, bila kupunguza.

Jumamosi nilikuwa jukwaani. Jumapili nilikuwa kwenye benchi. Miezi minne.

Mwezi wa nne, tukinywa chai kabla ya kurekodi, mjukuu wangu akauliza kama mtu anayeuliza saa: "Bibi, lakini hivi kweli alikuwa amekonda?"

"Nani?"

"Jogoo."

Nikafungua mdomo kumjibu, nikaufunga. Maana nilimnadi mimi. Nilimnyanyua mwenyewe pale kwenye ngazi ili watu wa nyuma wamwone, na mikono ina kumbukumbu zake. Nilimnyanyua kwa mikono miwili. Mkono mmoja ulishindwa.

Ile siku hatukurekodi. Nilikaa kwenye chumba cha mablanketi nikifikiria amri ya nane, ile ya kutomsingizia jirani. Nimeifundisha kwa miaka thelathini na mmoja. Watoto walikuwa wakiniuliza, "Mwalimu, na uongo mdogo?" nami nilikuwa nawajibu kwamba uongo hauna saizi kama viatu. Baraza lilikuwa linanidai toba ya jambo ambalo si dhambi, na kwa kulipinga kwa nguvu zote nikawa nimepita juu ya lile lililokuwa dhambi kweli, bila kuliona.

Kesho yake nilikwenda Akheri, nyumbani kwa mwenye jogoo. Nilimkuta shambani, anapogoa kahawa.

"Bwana asifiwe, baba."

"Amina." Aliendelea kukata. "Umekuja kunirekodi?"

"Simu nimeiacha nyumbani."

Akakata tawi lingine. Nikamwambia nimekuja kumuuliza jambo ambalo nilipaswa kumuuliza tangu mwanzo: kwa nini siku ile barazani hakusema kitu. Kisha akaweka mkasi chini.

"Mwalimu, mimi sina shida na kucheka. Lile boga hata mimi nalicheka. Mama mkwe wangu alilicheka mpaka akakaa chini. Lakini alipomaliza kucheka aliniuliza, jogoo mwenyewe alikuwaje? Nikamwambia, mama, alikuwa mkubwa, mwekundu, nimemlisha mahindi miezi mitatu kwa ajili yako. Akaniangalia. Akasema, 'Basi nimemla.'" Alivua kofia. "Hivyo tu. Nimemla. Yule mama amekufa akijua kwamba nilimletea jogoo mnene. Sasa nikienda Momela kwenye misiba, wajukuu zake wakiniona wanaegemea ukuta. Mmoja ameniambia, kumbe ndiyo maana ulituletea boga."

Sikuwa na mzaha wa kuweka hapo.

"Alikuwa mzito," nikasema.

"Sema tena."

"Alikuwa mzito. Nilimnyanyua kwa mikono miwili."

"Sasa kwa nini ulisema vile?"

"Kwa sababu watu walicheka."

Alitikisa kichwa, si kwa hasira. Nafikiri alikuwa anasubiri jibu refu la kujitetea. Akamwita mkewe alete chai. Nilimwomba msamaha hapo, akanipa. Nikamwambia nitasema kweli kanisani na kwenye podikasti, kwa sauti ile ile niliyodanganyia.

"Na kwenye baraza, unataka nikusemee?"

"Hapana. Hilo ni langu. Na kazi siachi."

"Mimi nilikuambia uache? Nilikuambia jogoo alikuwa mnene."

Jumapili ya chakula cha Bwana ilipofika, nilimfuata mchungaji ofisini kabla ya ibada. Alifurahi kusikia nimekuja kutubu. Alinipa ile karatasi.

"Soma tu, mwalimu. Sentensi mbili, kwisha."

"Ya kwanza nitaisema kwa maneno yangu. Ya pili siisomi."

"Mwalimu, nakuomba. Mimi nina wazee juu ya kichwa changu."

"Siku ya kipaimara nilikuuliza mbele ya usharika, toba ni nini. Ulijibuje?"

Alisita. Alikuwa hajasahau, safari hii. "Ni kujuta kwa kweli."

"Kuchekesha sikujutii. Nikisoma kwamba najutia, nitakuwa nimevunja amri ya nane mara ya pili, na safari hii mbele ya madhabahu. Unanitaka nifanye hivyo?"

Alivaa kanzu yake, tukaingia.

Niliposimama mbele, kanisa lilikuwa limejaa kuliko kawaida. Habari za toba husafiri kushinda za harusi. Nikaikunja karatasi. Nikasema: "Nimekuja kutubu dhambi ya uongo. Nilisimulia habari za ndugu yangu bila kumwomba ruhusa. Na nilisema jogoo wake alikuwa amekonda. Haikuwa kweli. Nilimshika kwa mikono yangu. Jogoo alikuwa mnene."

Kicheko kilianzia kwa wanakwaya. Kikapita kwa kinamama, kikavuka, kikawachukua wanaume. Sikukitafuta. Nilisimama pale machozi yananitoka, nao wanacheka, na wengi wao wanafuta macho kama mimi. Mwenyekiti akasimama: "Huu ni mchezo! Ameleta jukwaa lake hapa!"

Mchungaji akainua mkono mpaka wakatulia. "Mwalimu, na sehemu ya pili?"

"Sehemu ya pili siisomi. Sina dhambi hapo. Ningekuwa nayo, ningewaletea."

Sikupokelewa siku ile. Nilirudi kwenye benchi la tatu, nikakaa wima. Mkate ulipoandaliwa, watu wakaanza kusimama. Wenzangu wa benchi wakapita mbele ya magoti yangu. Benchi likabaki tupu, mimi peke yangu. Ndipo nikasikia viatu vizito vinavuka njia ya katikati kutoka upande wa kinababa, vinakuja upande wetu, ambako mwanamume hakai. Alikuwa mwenye jogoo.

"Sogea," akasema.

"Baba, nenda mezani."

"Nitakwenda ukienda." Akakaa, akaweka kofia juu ya goti.

Mwezi uliofuata alikaa tena, na mke wake, na mama wawili ambao sikuwahi kudhani wananipenda, mmoja wao yule asiyenisalimia barabarani. Mwezi wa saba wa kuzuiwa kwangu, benchi halikutosha. Walikaa kwenye la pili na la nne. Hawakusema kitu, hawakufanya fujo, hawakuandika barua. Walikaa tu, mchungaji akiwatazama kutoka madhabahuni na mkate mkononi na watu wachache mbele yake. Niliwaambia wengi wao waende, kwamba shida hii ni yangu na nina uvumilivu wa kutosha. Mama asiyenisalimia alinijibu, "Kaa kimya, mwalimu. Leo si zamu yako ya kuongea."

Mchungaji aliweka mkate chini. Alikwenda kwa mwenyekiti, wakanong'ona, mwenyekiti akatikisa kichwa, wakanong'ona tena. Nilimwona mtoto yule wa kukariri amenyooka mgongo. Kisha akasema kwa sauti, "Alichotubu kilitosha tangu siku alipotubu. Sehemu ya pili haikuwa ya kwetu kuidai. Mwalimu, njoo."

Nilikwenda. Nilichopokea pale sitakieleza.

Uzee wa kanisa hawakunirudishia, na mwenyekiti mpaka leo ananisalimia kwa kidevu. Sawa. Mnada wameniomba niushike tena, nami nimeushika.

Podikasti ya kusahihisha tulikuwa tumeshairekodi, wiki ile ile niliyotoka Akheri. Mjukuu wangu alilalamika. "Bibi, lile la ukuta ndilo linalotuleta watu. Ukilifuta tunabaki na nini?"

"Tunabaki na jogoo mnene."

"Jogoo mnene hachekeshi."

"Basi tutafanya kazi mpaka achekeshe."

Alasiri ya Jumamosi moja baada ya kupokelewa, nilisimama kwenye ule ukumbi mkubwa mjini. Masahihisho hayasambai kama uongo, kwa hiyo kama kawaida wakaanza: "Ukuta! Ukuta!" Nikasubiri. Wakanyamaza, wakidhani nawaandalia. Nikasema, "Lile nilidanganya. Jogoo alikuwa mnene."

Hakuna aliyecheka. Ukumbi wa watu mia mbili kimya, unasikia hata barafu kwenye bilauri. Mchekeshaji anaogopa kimya kile kuliko ugonjwa. Nilisimama ndani yake. Nilikuwa nimeshakaa miezi saba kwenye kimya kigumu zaidi.

Kisha sauti ikatoka mstari wa mbele, kwa mzee mmoja wa suti mwenye soda ya chungwa mkononi, ambaye hajawahi kukanyaga ukumbi unaouza bia maishani mwake.

"Miezi mitatu ya mahindi!" akapiga kelele. "Mnene, nawaambia! Miezi mitatu!"

Ukumbi ukalipuka. Watu walisimama kumtazama, wakaelewa ni nani, wakacheka upya, wakapiga meza. Yeye aligeuka nyuma akiwaonyesha kwa mikono ukubwa wa jogoo, na kila alipoipanua mikono jogoo alizidi kukua. Nilimwacha kidogo. Kisha nikasema kwenye maiki, "Baba, huyo sasa si jogoo, ni mbuni. Amri ya nane."

Akaipunguza mikono mpaka ikafika pale ambapo yangu ilifika siku ile kwenye ngazi.

"Hapo," nikasema. "Ndiye huyo."